Shujaa wa Udongo Usiobomoka

Siku Shigela alipoanza kutokuwapo, mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imenyesha alfajiri, na mkewe Nyamizi alikuwa jikoni akichambua mchele. Alisikia kishindo kifupi, kizito, kama gunia lililotuliwa na mtu aliyechoka. Akangoja kumsikia mumewe akitukana, maana Shigela hakuwahi kuangusha kitu bila kukitukana. Hakutukana. Nyamizi akaweka ungo chini, akatoka.

Nyuma ya nyumba, pale Shigela alipokuwa akichimba shimo la choo kwa amri ya Serikali, hapakuwa na shimo tena. Palikuwa na kidimbwi cha udongo mweusi uliokuwa bado unatulia taratibu, kama uji unapoipuliwa. Ncha mbili za ngazi zilikuwa zimetokeza. Kofia yake ilikuwa pembeni, safi kabisa.

Majirani walikuja mbio na majembe. Akaja pia Bwana Kilindo, Afisa Udongo wa Kata, ambaye hakuwahi kufika mahali upesi namna ile hata penye pilau. Akasimama mbele ya majembe na kunyoosha mikono.

"Poleni kwa usumbufu," alisema. "Nani amesema hapa pamebomoka?"

"Shimo limemfukia mume wangu," alisema Nyamizi.

"Mama, uchungu wako nauelewa. Lakini chagua maneno. Udongo wa nchi hii haubomoki, na usiobomoka haufukii mtu. Tuseme mumeo hayupo."

"Yupo. Yumo humu."

"Hayupo kwa sasa," alisema Bwana Kilindo kwa upole. Akaagiza majembe yarudishwe majumbani, kwa kuwa kuchimba mahali ambapo hapakuwa na tatizo ni kulitafuta.

Masele, mdogo wake Shigela, alitaka kumpiga jembe la kichwa. Walimshika. Walipokuwa wakimshika, ngazi ilizama, ncha zote mbili.

*

Kwa msomaji wa nchi nyingine ni vizuri kueleza, asije akadhani kuwa kulikuwa na ubaya wowote.

Nchi ile, ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa wenyeji hawaruhusiwi kulitamka wakiwa wameketi, iliwahi kuwa na udongo wa aina nyingi. Kulikuwa na mchanga kando ya ziwa, udongo mwekundu vilimani, na katika mbuga kulikuwa na ule mfinyanzi mweusi unaovimba masika kama unga wa maandazi na kupasuka kiangazi mpaka kifaranga kinapotelea ndani ya ufa. Wataalamu walimwendea Mtukufu mara tu alipokalia kiti, wakamweleza kuwa kila udongo unataka msingi wake, karo lake la choo na bustani yake.

Mtukufu aliwasikiliza, kisha akasema kuwa taifa lenye udongo wa aina nyingi ni taifa linalojiandaa kugawanyika. Wataalamu wakapewa kazi nyingine, ya kulinda daraja lisilo na mto.

Ndipo ukachukuliwa udongo mmoja wa kupimwa, kutoka mahali ambapo hakuna raia angethubutu kupatilia shaka, yaani bustani ya mchicha ya mama mzazi wa Mtukufu, Bibi Milembe, katika kijiji hicho hicho cha Nyamizi. Ulikuwa udongo mzuri, mwekundu, wenye kunywa maji na kunukia. Ulipelekwa mji mkuu ndani ya sanduku la kioo, ukapigiwa tarumbeta. Kuanzia siku ile ukawa Udongo wa Taifa, na ardhi yote ya nchi ikawa kama ule.

Kwa hiyo msingi wa nyumba ukawa futi moja na nusu kila mahali. Shimo la choo likawa futi ishirini kwenda chini, bila kujengewa mawe, maana kulijengea mawe ni kuutukana udongo. Na kila uwanja ukapandwa kabichi.

Katika mbuga matokeo yalikuwa mazuri sana. Makaro hayakunywa maji, kwa hiyo kilichoshuka Jumatatu kilipanda Alhamisi, na Serikali ikavihesabu vyoo hivyo kuwa chemchemi. Kabichi zilioza mguuni. Siku ya ukaguzi watu walikuwa wakinunua kabichi za vilimani na kuzisimamisha uwanjani asubuhi, na jioni wanazila. Nyumba zilipasuka. Kwa kuwa nyumba haiwezi kupasuka juu ya udongo imara, ilitolewa amri kuwa mistari hiyo ya ukutani ni mapambo, na kila mwenye nyumba aipake rangi ya kijani. Nyumba ya Nyamizi ilikuwa na pambo kubwa kuliko yote kijijini. Kona ya nyuma ilikuwa imeachana kabisa na ukuta wa pili, na mbuzi wake alikuwa akipitia hapo kuingia na kutoka bila kuchafua pembe.

Lakini jambo lililowanufaisha viongozi zaidi lilikuwa tope. Tope la mfinyanzi mweusi likishika kiatu haliachii. Kila hatua huongeza soli. Raia alikuwa akisimama na kulikwangua kwa kijiti, lakini kiongozi hawezi kukwangua kitu ambacho hakipo. Hivyo, wakati wa masika, viongozi wa nchi ile walikuwa warefu sana.

Kulikuwa na jambo jingine dogo, na lilijulikana na watu watatu tu. Bustani ya Bibi Milembe haikuwa na udongo wake. Zamani, kabla mwanawe hajawa chochote, bibi alilalamika kuwa mchicha wake unaoza. Shigela akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akapanda kilima cha Igunguli, akamletea udongo mwekundu safari baada ya safari mpaka bustani ikajaa. Bibi alimpa jogoo.

Kwa hiyo taifa zima lilikuwa likijenga juu ya mkokoteni wa Shigela, na Shigela mwenyewe alikuwa chini ya shimo lililochimbwa kwa kuuamini. Mambo kama hayo hutokea.

*

Nyamizi alikuwa na haja moja tu. Alitaka mumewe atolewe, azikwe Igunguli karibu na baba yake, na yeye amtupie konzi ya kwanza ya udongo kama mke anavyopaswa. Hakutaka kingine. Hata choo hakukitaka tena.

Watu walipokusanyika kwake kwa matanga, Bwana Kilindo alifika na kuuliza huo ni mkusanyiko gani.

"Msiba," alisema Nyamizi.

"Msiba wa nani? Asiyekuwapo haombolezwi. Tukianza kuwaombolezea wasiokuwapo, nani atabaki kazini?"

Masele akadakia. "Tunamsubiri, Bwana Afisa. Hiki ni kikao cha kumsubiri."

"Kumsubiri ruksa," alisema Bwana Kilindo, akaketi, akanywa chai ya msiba vikombe viwili. Wanawake waliokuwa wakilia waliombwa walie kwa matumaini.

Wiki chache baadaye Waziri wa Udongo na Uimara, Mheshimiwa Daktari Mkangara, alikuja kukagua Jumba la Uimara lililokuwa likijengwa katika mbuga ile ile. Nyamizi alimngoja njiani. Waziri alikuwa ametembea kutoka kwenye gari, na kufikia hapo alikuwa amepanda juu kiasi cha kumlazimu kuinama ili amwone.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kumchimba mume wangu."

"Mama yangu," alisema Waziri kutoka juu, "Serikali inakupenda. Inakupenda kuliko unavyojipenda. Lakini jiulize, ukichimba ukamkuta, utakuwa umethibitisha nini?"

"Kwamba amekufa."

"Hilo ni dogo. Utakuwa umethibitisha kuwa udongo umebomoka. Maghorofa yote nchini yamesimama juu ya neno la Mtukufu. Ukilichimba neno hilo hapo nyuma ya jiko lako, unaweza kuangusha bunge lililo mji mkuu. Kwa mume mmoja tu? Hapana, mama. Una roho nzuri, huwezi."

"Basi mniambie nimzike wapi."

"Mtu asiyekuwapo," alisema Waziri, "hana mahitaji hayo."

Aligeuka ili aondoke kwa heshima, lakini miguu yote miwili ilikuwa imeshikwa. Wasaidizi wake walimvuta kwapani. Kiatu kimoja kilibaki. Hakuna aliyekirudia, kwa kuwa hakikuwa kimenaswa.

*

Nyamizi akaenda kwa Bibi Milembe. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, anapalilia bustani yake ya taifa, askari wawili nyuma yake wakiwa wameshika mwavuli na debe la maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke wa Shigela. Huyo mume wako mvivu yuko wapi? Nasikia amelala."

Hakusema hivyo kwa ubaya. Bibi Milembe alikuwa mtani wa ukoo wa Shigela, na kwa watani kifo hakipokelewi kwa machozi tu. Mtani huja msibani kumkejeli marehemu, kumwigiza, kulikalia jeneza akidai chake, na hakuna wa kumnyamazisha. Anayegombana na mtani msibani hujiletea aibu yeye na watoto wake. Ilikuwa sheria pekee nchini ambayo Mtukufu hakuitunga.

"Amelala, bibi. Wamekataa nisimwamshe."

Bibi aliwatuma askari wakachote maji mbali. Walipokwisha kwenda, alichukua udongo mwekundu kidogo, akausugua vidoleni.

"Huu aliuleta yeye," alisema. "Nilimwambia yule mtoto wangu. Nikamwambia, baba, udongo huo aliuleta Shigela. Unajua alinijibu nini? Mama, unachoka, pumzika. Tangu aanze kunyonya hajawahi kusikia. Alikuwa akiniuma tu."

"Nisaidie, bibi. Azikwe Igunguli. Nimtupie udongo wake."

"Nitafanya nini mimi? Mimi nina kazi ya kuwa mama tu." Alifikiri kidogo. Kisha akacheka, jino lake moja likaonekana. "Pale nyuma ya jiko lako, mwanangu, nimeota pameota kabichi. Kubwa kama kichwa cha Waziri. Nazitamani."

*

Ndoto ya mama wa Mtukufu ilifika mji mkuu upesi, na kesho yake lori la askari likafika uwanjani kwa Nyamizi. Ikaelezwa kuwa pale patachimbwa bustani ya kina, kwa heshima ya Mama wa Taifa. Mhandisi wa jeshi, aliyekuwa mtu wa kutazama kwanza, aliona kuwa ukuta wa shimo unatitia kila wanapochimba. Akaomba mbao za kuzuia. Akanyimwa. Akaomba mbao za kupendezesha bustani upande wa ndani. Akapewa nyingi.

Walimkuta Shigela amesimama, mkono mmoja juu kwenye ngazi. Mfinyanzi ule usiopitisha maji wala hewa ulikuwa umemtunza kama mtu anayetunza kitu cha kuiba. Nyamizi aliruhusiwa kusogea. Alimfuta uso kwa khanga, na alipofika kwenye sikio aliona kipande cha penseli alichokuwa akikitafuta siku ile asubuhi huku akimtukana kila mtu. Akakiacha palepale.

Bwana Kilindo alikuwa amekaa chini, mkono kifuani. Lakini Serikali ile haikukosa maarifa. Kabla ya jua kuwa kali Waziri alikuwa amekwisha fika, ametazama shimoni, na ametoa hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "maadui wangependa tuseme kuwa udongo ulimwangukia. Sivyo. Mtu huyu aliupenda Udongo wa Taifa hata akaukumbatia, nao ukamkumbatia. Na mmeona alivyokaa. Amesimama. Ameinua mkono. Alikuwa akipiga saluti."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wameanza.

Shigela akatangazwa kuwa Shujaa wa Kwanza wa Udongo. Iliamriwa azikwe mbele ya Jumba la Uimara, chini ya bamba la zege, siku Mtukufu atakapokuja kulifungua.

"Mheshimiwa, ukoo wetu unazikwa Igunguli," alisema Nyamizi.

"Huko magari hayafiki, mama. Shujaa ni lazima afikike."

"Ni mume wangu."

"Alikuwa," alisema Waziri. "Wakati hayupo alikuwa wako. Sasa yupo, ni wa taifa."

*

Siku ya mazishi palikuja bendi, na jeneza lenye vishikio vya dhahabu ya kupaka. Shigela alilazwa ndani ya nyumba yake ili jamaa wamuage. Askari wa heshima waliizunguka nyumba. Wawili walisimama mlangoni, wawili kila dirisha. Kwenye kona ya nyuma, penye ufa, hakuwekwa mtu. Askari hawezi kulinda pambo.

Ndipo Bibi Milembe akaingia, amevaa koti kuukuu la mwanawe na kofia ya Shigela, anachechemea kama Shigela alivyokuwa akichechemea. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja.

"Tokeni wote," alisema kwa sauti ya Shigela. "Huyu namdai jogoo wangu. Nataka tuelewane naye. Mke wake abaki, ni shahidi. Masele abaki, ana mkono mwepesi."

Waziri alijaribu kueleza kuwa ratiba ya Mtukufu ilikuwa imebana.

"Nawe ni nani hata uingie kati ya mtani na maiti wake?" aliuliza bibi. "Unataka nikuigize na wewe? Nilete kiatu chako?"

Waziri akatoka. Mlango ukafungwa. Bendi ikaambiwa ipige, ikapiga.

Nyamizi aliwahi kumwogesha mumewe akiwa na homa, na sasa alimwogesha tena. Alimvika shati la Krismasi, akamfunga kwa shuka. Masele na jirani mmoja aliyekuwa amejipenyeza kwenye ufa wakamtoa kwa ubavu kupitia hapo hapo, taratibu, rangi ya kijani ikawachafua mabega. Mbuzi alipisha. Mkokoteni ulikuwa ukingoja nyuma ya mihogo, umefunikwa majani ya ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wale wale wanaoijua njia ya Igunguli.

"Utakwenda naye?" Bibi Milembe alinong'ona.

Nyamizi alitazama mlango. Nje kulikuwa na kiti chenye jina lake, mstari wa mbele, karibu na Mtukufu. Mjane asipokuwapo, jeneza litafunguliwa.

"Siwezi," alisema. Alimgusa mumewe mguu juu ya shuka. "Masele, konzi ya kwanza usimtupie wewe. Iache."

"Nitaiacha, shemeji."

Kisha yeye na bibi wakachukua sufuria, wakapita ufani na kuanza kubeba udongo kutoka kwenye lile shimo nyuma ya jiko, ule mweusi, uliolowa, mpaka jeneza likajaa. Bibi akalipigilia misumari mwenyewe, akiimba matusi.

*

Walihitajika wanaume wanane kulinyanyua, na wote walikuwa viongozi, kwa kuwa heshima ile haikuachiwa raia. Njia ilikuwa tope tupu. Walianza wakiwa wafupi, wakafika warefu. Bwana Kilindo, aliyeshika nyuma, alikuwa analia kwa uzito, na kamera zilimchukua sana.

Bibi Milembe alitembea kando ya jeneza akiligonga kwa fimbo.

"Shigela, umenenepa. Ulipokuwa hai ulikuwa mkavu kama ukuni. Umekula nini huko chini?" Watu wakacheka. "Jamani, huyu siye Shigela. Mnabeba tope. Nawaambia, ni tope tupu la nyuma ya jiko."

Walicheka zaidi. Mtukufu, ambaye hakuwahi kumsikia mama yake, safari hii alimsikia vizuri, akacheka mpaka akafuta macho, akamwambia Waziri, "Mama yangu ni mtani hodari."

Katika hotuba yake Mtukufu alisema kuwa ndani ya jeneza lile kulikuwa na kitu bora kuliko vyote ambavyo ardhi ya nchi ile imewahi kutoa. Nyamizi, katika kiti chake, aliinamisha kichwa. Mizinga ilipigwa. Jeneza likashushwa. Waziri akainama, akachukua konzi ya tope, akajaribu kuitupa. Haikutoka mkononi. Aliupunga mkono, akaupunga tena, kisha akauweka mfukoni na kusimama wima. Viongozi wote wakafanya kama yeye.

Nyamizi alipoitwa alikwenda hadi ukingoni, akasimama mikono mitupu. Ikatangazwa kuwa mjane amezidiwa na fahari.

Alikuwa akitazama upande wa kilima. Ilikuwa mbali mno kuona chochote, lakini alitazama. Kesho yake alipanda peke yake. Masele alikuwa ameacha konzi moja ya udongo mwekundu juu ya jiwe, chini ya jani la mgomba ili usilowe. Nyamizi akaichukua, ikamomonyoka vizuri kati ya vidole, akaitupa.

*

Jumba la Uimara sasa limeegemea upande wa magharibi, na watumishi wake wameagizwa kuketi upande wa mashariki. Kila masika jeneza la Shujaa huvimba, bamba la zege hupasuka, na kila kiangazi Wizara hutuma mafundi wa kuliziba na kulipaka kijani. Bibi Milembe alikufa mwaka jana. Nyamizi hana choo, anatumia cha jirani. Jumamosi hupanda Igunguli kung'oa magugu.